Kuhesabu Magari Penye Foleni

Kwa miaka mingi kabla ya 2021, msafiri aliyetoka katikati ya jiji la Dar es Salaam jioni kwa Barabara ya Morogoro alijua kwamba safari yake ingetegemea jambo moja: muda atakaokaa Ubungo. Hapo Barabara ya Morogoro ilikutana na Barabara ya Mandela upande mmoja na Barabara ya Sam Nujoma upande wa pili. Malori ya kwenda na kutoka bandarini, mabasi ya mikoani, daladala na magari ya watu binafsi yote yalidai kipande kile kile cha lami. Mwaka 2021 makutano hayo yalifunguliwa yakiwa na barabara za ngazi tatu, yakaitwa Kijazi. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 2018, barabara ya juu ya Mfugale ilikuwa imekwisha kufunguliwa pale TAZARA, ambapo Barabara ya Nyerere hukatana na ile ya Mandela.

Kazi za namna hiyo hugharimu fedha nyingi za umma, na hata kubadilisha muda wa taa tu katika njia panda ndogo huwagusa maelfu ya watu kila siku. Zote huanza na swali moja: je, ni magari mangapi yanayotaka kupita hapa? Swali laonekana jepesi. Mtoto wa shule ya msingi aweza kusimama kando ya barabara na kuhesabu magari. Lakini penye msongamano kuna hila isiyoonekana upesi. Mtu anaweza kuhesabu kila gari lililopita, asikose hata moja, na bado akatoa jibu lisilo sahihi.

Ndoo na bomba

Mfano wa bomba la maji la mtaani waweza kulifafanua jambo hili. Ikiwa bomba hujaza ndoo moja kwa dakika moja, kwa saa moja litajaza ndoo 60. Mtu akikaa karibu na bomba na kuhesabu ndoo zilizojaa, atapata 60 ikiwa zimeletwa ndoo 60. Atapata 60 vile vile ikiwa zimeletwa 300 na kupangwa mpaka barabarani. Alichokipima si haja ya watu kupata maji, bali ni nguvu ya bomba. Hesabu yake ingeonyesha haja ya watu siku ile tu ambayo hakuna anayengoja, kwani siku hiyo ndoo zinazojaa ni sawa na ndoo zinazofika.

Njia panda yenye taa ni bomba la aina hiyo. Taa ya kijani inapowaka, gari la kwanza huchelewa kidogo, kwa sababu dereva ni lazima aione taa, atie gia na kukanyaga mafuta. Yanayofuata huvuka mstari wa kusimamia moja baada ya jingine, yakiachana kwa muda wa takriban sekunde 2. Hata foleni iwe ndefu kiasi gani, muda huo haupungui, maana hakuna dereva mwenye akili timamu atakayeligusa gari la mbele kwa sababu tu nyuma yake wapo wengi. Basi ikiwa kijani hudumu sekunde 42, na sekunde 2 zikapotea mwanzoni, njia moja ya magari itapitisha magari 20. Mzunguko mzima wa taa ukiwa sekunde 120, kwa saa moja mizunguko itakuwa 30, na magari yatakayopita yatakuwa 600. Huo ndio uwezo wa njia hiyo. Mhesabu anayesimama kwenye mstari hawezi kupata zaidi ya hapo, hata jiji zima likihamia kwenye barabara hiyo.

Wahandisi kwa hiyo hutofautisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Kwanza ni mtiririko, yaani magari yanayopita kweli. Pili ni mahitaji, yaani magari yanayofika yakitaka kupita. Barabara ikiwa na nafasi, hesabu mbili hizi ni moja. Foleni inapoanza, zinaachana. Na hapo ndipo makosa huzaliwa.

Jioni moja ya mfano

Na ichukuliwe njia ile ile yenye uwezo wa magari 600 kwa saa, yaani 150 kwa kila robo saa. Hesabu zilizo katika jedwali ni za kubuni kwa ajili ya kufundishia, lakini zinafuata mwenendo ambao mtu yeyote anayerudi nyumbani jioni anaujua. Mhesabu wa kwanza amesimama kwenye mstari wa kusimamia na kuhesabu yanayotoka. Wa pili amesimama mbali nyuma, ambako foleni haijafika, akihesabu yanayokuja.

| Robo saa inayoanza | Yaliyofika | Yaliyotoka | Foleni mwishoni |
|---|---|---|---|
| 10.00 | 120 | 120 | 0 |
| 10.15 | 140 | 140 | 0 |
| 10.30 | 180 | 150 | 30 |
| 10.45 | 210 | 150 | 90 |
| 11.00 | 200 | 150 | 140 |
| 11.15 | 170 | 150 | 160 |
| 11.30 | 130 | 150 | 140 |
| 11.45 | 110 | 150 | 100 |
| 12.00 | 100 | 150 | 50 |
| 12.15 | 90 | 140 | 0 |

Safu ya tatu itazamwe peke yake, kana kwamba mhesabu wa pili hakuwapo. Kuanzia saa 10.30 hadi saa 12.15 hesabu ni 150, 150, 150, bila kupanda wala kushuka. Asiyejua atafurahi kuona hali imetulia hivyo. Kumbe utulivu huo ndio dalili ya ugonjwa. Watu hawaondoki kazini kwa mafungu yaliyo sawa. Magari yanayofika hupanda na kushuka daima. Hesabu ikinyooka kama uzi kwa muda wa saa nzima au zaidi, kinachoonekana ni ukomo wa njia panda yenyewe.

Safu ya pili yasimulia habari nyingine. Katika saa moja kuanzia 10.30 hadi 11.30 yamefika magari 760. Mhesabu wa mstarini aliandika 600 kwa saa hiyo hiyo. Tofauti ni magari 160, na hayo hayakupotea: ndiyo foleni iliyokuwapo saa 11.30.

Sasa afikiriwe mpangaji aliyepewa hesabu ya mstarini tu. Ataona magari 600 kwenye njia yenye uwezo wa 600, na ataona kwamba akiongeza sekunde chache za kijani ili uwezo ufike 640, kazi imekwisha na akiba imebaki. Msomaji anaweza kuirudia hesabu mwenyewe kwa kuweka 160 mahali pa 150. Atakuta kwamba saa 11.30 bado kuna foleni ya magari 120, na kwamba foleni haimaliziki mpaka saa 12.15. Fedha au muda wa barabara nyingine umetumika, wananchi wanaendelea kungoja, na kwenye karatasi kila kitu kinaonekana sawa.

Hesabu ya muda unaopotea

Jedwali hilo linatoa zaidi ya idadi ya magari. Mwanafunzi achore grafu yenye saa kwenye mstari wa chini na jumla ya magari kwenye mstari wa wima. Mchoro wa kwanza uonyeshe jumla ya yaliyofika tangu saa 10.00: 120, kisha 260, 440, 650, na kuendelea mpaka 1,450. Wa pili uonyeshe jumla ya yaliyotoka. Michoro hiyo huanza pamoja, huachana, kisha hukutana tena.

Umbali wa wima kati ya michoro miwili, saa yoyote ile, ni urefu wa foleni wakati huo. Umbali wa mlalo ni muda aliongoja dereva mmoja. Aliyefika saa 11.30 amekuta magari 160 mbele yake. Njia hupitisha magari 10 kwa dakika. Basi atavuka baada ya dakika 16. Eneo lote lililofungwa kati ya michoro miwili ni jumla ya muda wa magari yote, ambao hapa ni takriban saa 177. Ukigawanywa kwa magari 1,450, kila moja limepoteza kama dakika 7 na kidogo. Wastani huu huficha mengi, kwani aliyepita saa 10.10 hakungoja kwa sababu ya foleni hii hata kidogo, na daladala iliyojaa abiria imehesabiwa kuwa sawa na gari lenye mtu mmoja.

Kuna njia ya kuhakiki. Mwaka 1961 John Little wa Marekani alithibitisha kanuni inayotumika kwa foleni za kila namna: wastani wa idadi ya walio katika foleni ni sawa na wastani wa wanaofika kwa saa ukizidishwa kwa wastani wa muda wanaokaa. Katika mfano huu wanafika 580 kwa saa, nao hukaa wastani wa saa 0.122, jawabu ni 71. Na kweli, saa 177 zikigawanywa kwa saa 2.5 za upimaji, hupatikana 71.

Mkia unaotembea

Kusema kwamba magari yahesabiwe nyuma ya foleni ni rahisi kuliko kutenda. Gari moja lililosimama, pamoja na nafasi iliyo mbele yake, huchukua wastani wa meta 7 hivi. Foleni ya magari 160 ni zaidi ya kilometa moja. Mhesabu aliyechagua mahali pake saa 10.00, meta 300 kutoka kwenye taa, atamezwa na foleni muda si mrefu baada ya saa 10.45. Kuanzia hapo, bila kujua, naye ataanza kuhesabu uwezo wa njia panda, sawasawa na mwenzake wa mstarini.

Akirudishwa nyuma zaidi, kilometa mbili kwa mfano, hupatikana tatizo jingine. Katikati yapo maduka, vituo vya mafuta na vichochoro vya mitaa. Magari mengine hukata kona kabla ya kufika kwenye taa, mengine huingia kutoka pembeni. Kila kichochoro chenye magari ya kutosha kinahitaji mhesabu wake.

Njia ya tatu, inayotumiwa sana kwa kuwa haihitaji watu wengi, ni kuhesabu mstarini kama kawaida, lakini mwishoni mwa kila robo saa kuandika vile vile idadi ya magari yaliyo katika foleni. Kisha:

yaliyofika = yaliyotoka + foleni ya mwisho − foleni ya mwanzo

Katika jedwali, robo saa inayoanza 10.45 ilitoa magari 150, foleni ikakua kutoka 30 hadi 90. Basi yaliyofika ni 150 + 90 − 30, yaani 210. Usawa huo ni ule ule wa mwenye duka anayejua bidhaa zilizoingia kwa kutazama zilizouzwa na zilizobaki ghalani. Kosa la magari machache katika kukadiria foleni haliharibu kitu, maana kosa la robo saa moja hurekebishwa na ile inayofuata. Kutokuiandika foleni kabisa ndiko kunakoharibu.

Hata hivyo, upo upande ambao hata mhesabu wa mkiani hauoni. Dereva aliyezoea adha ya mahali fulani huondoka nyumbani alfajiri, hupita njia ya mbali, au huacha kusafiri. Huyo hayumo katika foleni wala katika jedwali. Njia ikipanuliwa, baadhi ya watu hao hurudi, na hii ni sababu mojawapo ya barabara mpya kujaa mapema kuliko ilivyotabiriwa.

Idadi moja, hali mbili

Katika miaka ya 1930 Bruce Greenshields alipima mwendo wa magari huko Ohio, Marekani, kwa kamera iliyopiga picha kila baada ya muda uliopangwa. Kwa kulinganisha picha alipata mambo mawili kwa pamoja: magari yaliyomo katika kila kipande cha barabara, na kasi yake. Mwaka 1935 alionyesha kwamba kadiri magari yanavyosongamana ndivyo kasi inavyopungua, naye akaueleza uhusiano huo kwa mstari ulionyooka. Wataalamu wa baadaye wamekuta kwamba mstari huo si sahihi kila mahali, lakini unafaa sana darasani.

Na ichukuliwe kwamba barabara tupu huruhusu kilometa 60 kwa saa, na kwamba magari 140 katika kilometa moja huziba kabisa. Kasi basi ni 60(1 − k/140), ambapo k ni idadi ya magari katika kilometa moja. Mtiririko ni k ikizidishwa kwa kasi. Magari yakiwa 20 kwa kilometa, kasi hufikia kilometa 51 kwa saa, na mtiririko ni takriban magari 1,029 kwa saa. Magari yakiwa 120 kwa kilometa, kasi huanguka hadi chini ya kilometa 9 kwa saa, nayo mtiririko ni takriban magari 1,029 kwa saa.

Idadi ni ile ile. Mara ya kwanza dereva anasafiri kwa raha; mara ya pili mtembea kwa miguu mwenye haraka anakaribia kulingana naye. Ndiyo maana hesabu ya magari iliyoandikwa bila kasi wala foleni ni nusu ya habari, na pengine ni nusu isiyofaa.

Mkono wa askari

Katika miji ya Afrika Mashariki lipo jambo ambalo vitabu vya nchi nyingine hulitaja kwa nadra. Saa za msongamano, askari wa usalama barabarani mara nyingi huchukua kazi ya taa, akaongoza kwa mkono. Askari hutazama foleni, na huruhusu upande mmoja kwa dakika kadhaa kabla ya kuufunga. Wapo wanaomlaumu na wapo wanaomsifu. Kwa mpimaji, lililo muhimu ni kwamba mzunguko ambao kwa taa ulikuwa dakika 2 sasa unaweza kuwa dakika 10.

Na ichukuliwe kwamba kila dakika 10 upande mmoja huruhusiwa kwa dakika 4, na njia moja hupitisha magari 120 katika muda huo. Kwa saa nzima yatapita 720. Lakini mhesabu huandika kwa robo saa, kama alivyofundishwa. Ruhusa zikianza dakika ya 0, 10, 20, 30, 40 na 50, robo ya kwanza itakuwa na ruhusa mbili, yaani magari 240. Ya pili itakuwa na moja, magari 120. Ya tatu 240. Ya nne 120. Mtu aliyekuja kwa robo saa ya kwanza tu, akazidisha kwa nne, atatangaza magari 960 kwa saa. Mwenziwe wa robo ya pili atatangaza 480. Wote wawili wamehesabu bila kosa, na mmoja amepata mara mbili ya mwenziwe.

Dawa yake ni kuacha kuikata hesabu kwa saa ya mkononi na kuikata kwa mizunguko. Hesabu ianze pale upande unaporuhusiwa na iishe pale unaporuhusiwa tena, baada ya mizunguko kadhaa kamili, kisha jumla igawanywe kwa muda halisi uliopita.

Vyombo na udhaifu wake

Chombo cha kale kinachotumika hata sasa ni mpira mwembamba ulio wazi ndani, unaolazwa kukingama barabara. Gurudumu likiukanyaga, hewa husukumwa mpaka kwenye kifaa kilicho kando, nacho huandika pigo moja. Mpira hauhesabu magari bali ekseli. Kila mapigo mawili huchukuliwa kuwa gari moja. Lori lenye ekseli sita kwa hiyo huwa magari matatu, na magari mawili yakikanyaga kwa wakati mmoja huwa moja. Kwenye barabara ya mashambani makosa haya hurekebishika. Karibu na njia panda iliyofungana, gari husimama gurudumu likiwa juu ya mpira, hurudi nyuma kidogo, husogea tena, na hesabu huwa haina maana.

Chombo cha pili ni koili ya waya iliyofukiwa katika lami, ambayo ilianza kuenea katika miaka ya 1960. Mkondo wa umeme unaogeuka-geuka hupitishwa humo. Gari likifika juu yake, uga wa sumaku wa koili huamsha mikondo midogo katika chuma cha gari, na mikondo hiyo hupunguza nguvu ya uga huo. Mitetemo ya umeme katika koili huongezeka kasi, na kifaa hutambua kuwa gari lipo. Wanafunzi wa fizikia watatambua hapa kazi ya Faraday. Ubora wa koili ni kwamba haichoki wala haisinzii. Udhaifu wake ni kwamba magari yakifuatana kwa karibu mno, moja huwa halijaondoka wakati jingine limeingia, na mawili husomwa kuwa moja. Vifaa vingi tena vimetengenezwa vizoee gari lililosimama muda mrefu, vikilichukua kuwa sehemu ya barabara. Pikipiki inayopenya kati ya njia mbili yaweza isionekane kabisa.

Majaribio ya kuifanya njia panda ijihesabie magari ni ya zamani kuliko koili. Mwaka 1928 mjini Baltimore, Charles Adler aliweka taa iliyosikiliza: dereva alifika, akapiga honi, na taa ikabadilika. Haielekei kwamba majirani walifurahi.

Siku hizi kamera na programu za kompyuta hufanya kazi iliyomchosha Greenshields. Kamera ina faida kubwa penye foleni, kwa kuwa huona mstari na mkia kwa pamoja ikiwa imewekwa juu vya kutosha. Ikiwekwa chini, basi moja refu huficha bodaboda tatu. Na usiku wa mvua taa zinazoakisiwa na lami huihangaisha programu. Simu za madereva nazo hutoa habari za kasi barabara nzima. Kasi hiyo ni ya kuaminika, lakini idadi sivyo, kwa kuwa si kila gari lina simu inayotoa habari hizo, na gari moja laweza kuwa nazo thelathini.

Gari ni nini?

Mhesabu akiandika tu kwamba yamepita magari 100, hajasema mengi. Semi-trela huchukua muda mrefu zaidi kuvuka mstari kuliko gari dogo. Kwa sababu hiyo wahandisi hugeuza kila chombo kuwa sehemu ya gari dogo. Katika kazi za taa za barabarani zilizofanywa Uingereza na F. V. Webster na wenzake katika miaka ya 1950 na 1960, gari dogo lilikuwa 1, lori kubwa 1.75, basi 2.25, pikipiki 0.33 na baiskeli 0.2.

Namba hizo zimenakiliwa mahali pengi mno bila kuulizwa. Zilipimwa kwa magari ya Uingereza na kwa madereva wa Uingereza. Daladala inayosimama kushusha abiria karibu na taa haina thamani moja na basi linalopita moja kwa moja. Bodaboda kumi zilizojipenyeza mbele ya mstari, zikatoweka katika sekunde ya kwanza ya kijani, hazichukui nafasi ya magari madogo matatu. Lakini bajaji tatu zilizopakiwa mizigo, zikiongoza foleni kwenye mwinuko, zaweza kuichelewesha foleni yote. Vipimo vya mahali penyewe havina mbadala, navyo ni rahisi kupata: ni saa ya kupimia na kuandika muda kati ya chombo kimoja na kinachofuata vinapovuka mstari.

Zoezi kwa shule

Kazi hii inaweza kufanywa na kidato chochote kilicho karibu na njia panda yenye foleni, kwa ruhusa ya askari wa mahali hapo, wanafunzi wakikaa nje ya barabara muda wote.

Hakiki ya kwanza hutokana na kanuni ya Kirchhoff, ambayo wanafunzi huijua katika umeme: mikondo inayoingia katika kiungo cha waya ni sawa na inayotoka. Kundi moja lihesabu magari yanayoingia katika njia panda kutoka kila upande, na kundi jingine yanayotoka kwenda kila upande. Katikati ya njia panda hakuna nafasi ya kuweka magari zaidi ya machache. Jumla mbili za saa nzima zikipishana kwa magari 40, basi 40 hayo ni makosa ya wahesabu, na ni vizuri kuyajua kabla ya kuyatumia.

Hakiki ya pili yahusu mhesabu wa mstarini na wa mkiani. Ili hesabu zao zilingane ni lazima zianze na gari moja, wala si na dakika moja. Mwanafunzi wa nyuma achague gari lisilosahaulika, kama lori la rangi ya pekee au basi lenye maandishi makubwa, amjulishe mwenzake kwa simu ya mwalimu, na aanze kuhesabu kutoka hapo. Wa mbele naye asubiri mpaka gari hilo hilo livuke mstari, ndipo aanze. Kila baada ya dakika kumi hivi lichaguliwe gari jingine la alama. Ikiwa wa nyuma amelipa namba 214 na wa mbele akalipa 209, katikati yameondoka au kusahauliwa magari matano.

Mwishoni michoro miwili ichorwe kwenye karatasi moja. Mchoro wa yaliyotoka ukionekana mahali popote kuupita ule wa yaliyofika, kuna kosa, kwa kuwa gari haliwezi kutoka kabla ya kufika. Hapo ni budi kwenda kukagua vichochoro vilivyo kati ya wahesabu wawili, kwani yamkini kimojawapo kinaingiza magari na hakuna aliyewekwa kukitazama.